Waya wa Antena na Sauti ya Babu

Leo tupumzike kidogo na mambo ya kuandika programu. Kwa miezi mitatu jioni zangu zote zimeishia kwenye mashine ambayo Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kuitengeneza, iliacha kuiunda Julai 2016. Nazungumzia deki ya VHS. Na yote hayo ni kwa ajili ya sekunde arobaini hivi za kanda moja.

Kanda ni ya harusi ya mama mdogo, Mombasa, mwaka wa 1999. Mimi nilikuwa na miaka miwili. Katikati ya kanda babu anaonekana ameegemea mkongojo wake, anamwinamia bibi harusi na kumwambia neno. Babu alifariki 2003. Picha zake tunazo ukutani, lakini sauti yake haipo popote ila hapo.

Mama alishajaribu kuiokoa. Mwaka wa 2014, nikiwa kidato cha tatu, aliipeleka kwenye duka moja mjini lililokuwa likihamisha kanda kwenda DVD. Ilirudi na mistari kama mifupa ya samaki juu ya kila sura, na ngurumo ya "mmmm" isiyokwisha. Babu alipofungua kinywa tulisikia "...awajal..." basi. Mama akaamua ni dua, "Mola awajalie". Mama mdogo mwenyewe hakuwa na msaada. "Siku ile hata jina langu ungeniuliza nisingelijua," alisema. Kwa hiyo tukaishi na dua hiyo miaka zaidi ya kumi, na lawama tukaitupia kanda kwamba imezeeka.

Nilipoanza kusoma jinsi deki inavyofanya kazi ndipo nikaanza kuishuku ile mistari. Kumbuka tulivyokuwa tukiunganisha nyumbani. Antena inaingia kwenye deki, waya mwingine wa aina hiyo hiyo unatoka kwenye deki kwenda kwenye runinga, halafu unatafuta chaneli isiyo na kituo, mara nyingi 36 ya UHF. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi, ila fikiria kinachotokea ndani. Deki inageuka kituo kidogo cha utangazaji. Inachukua picha na sauti, inazipakia pamoja kwenye wimbi moja, na runinga inazipakua upande wa pili. Kila kupakia na kupakua kunapunguza kitu. Kukiwa na kituo cha kweli karibu na masafa hayo, mawimbi mawili yanagongana na kuchora mifupa ya samaki. Mwaka 2014 vituo vya analojia bado vilikuwa hewani hapa Kenya, vilizimwa 2015. Siwezi kuapa kwamba duka lile lilipitisha kanda yetu kwenye waya wa antena, lakini alama zake ni zile zile.

Nikatafuta deki kwa fundi, kuukuu lakini hai, yenye matundu matatu nyuma: la njano kwa picha, jeupe na jekundu kwa sauti. Nikaiunganisha na kile kifaa kidogo cha USB cha kuingiza video kwenye tarakilishi. Mara ya kwanza tu mifupa ya samaki ikatoweka na ngurumo ikanyamaza. Waya za bei ya chai na mandazi!

(Kama una deki au rekoda ya DVD na unataka kurekodi matangazo ya leo, kanuni ni hiyo hiyo. Kipokezi cha analojia kilichomo ndani ya deki hakina tena cha kupokea hapa kwetu. Mpokeaji sasa ni king'amuzi, basi toa picha na sauti kwenye matundu yake ya rangi tatu, ingiza kwenye deki, uchague AV au L1 badala ya namba ya chaneli. Na king'amuzi ukiache kwenye kituo unachorekodi, maana deki haiwezi kukibadilishia. Kama king'amuzi chako kina tundu la HDMI peke yake, hapo deki haitakusaidia bila kigeuzi katikati.)

Baada ya hapo nikaingiwa na tamaa ya S-Video. Mitandaoni utasoma kwamba bila S-Video unapoteza muda. Hoja yao ina msingi: kwenye kanda ya VHS mwanga na rangi hurekodiwa mbalimbali, waya wa njano unavichanganya, na kifaa cha upande wa pili kinahangaika kuvitenganisha tena. S-Video inaviacha vimetengana njia nzima. Lakini piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Katika PAL, mfumo tuliokuwa nao Kenya, rangi hukaa kwenye MHz 4.43, na mwanga wa VHS ya kawaida huishia karibu na MHz 3. Havigongani sana. Tena deki nyingi za VHS za kawaida hazina tundu hilo, wenye nalo ni ndugu zao wa S-VHS. Ukilipata litumie. Usipolipata usikose usingizi.

Kilichoninyima mimi usingizi ni saa. Ngoma ya vichwa ndani ya deki ya PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, na kila mzunguko ni picha moja kamili. Kanda iliyovutika au kulegea inaifanya mistari ya picha ianze mapema kidogo au kuchelewa kidogo. Runinga ya zamani ilisamehe. Kifaa cha USB hakisamehi, kikichanganyikiwa kinadondosha fremu bila kukuambia. Nilirekodi dakika arobaini, na mwishoni watu walikuwa wakipiga makofi, halafu kofi linasikika baadaye. Nilidhani ni hitilafu ya programu. Nikasoma msimbo wa watu usiku kucha, mimi na digrii yangu, kumbe shida iko kwenye plastiki.

Dawa niliyoipata inachekesha. Baadhi ya rekoda za DVD zina kumbukumbu ndani inayopanga upya mistari ya picha inayopita. Unaiweka katikati, deki inaingia, kifaa cha USB kinatoka, na wala huirekodishi kitu. Iwashe tu, ipitishe. Niliazima moja kwa rafiki na fremu zikaacha kudondoka.

Jambo jingine: usibane wakati wa kurekodi. Pikseli 720 kwa 576, baiti mbili kila moja, fremu 25, hiyo ni baiti 20,736,000 kwa sekunde, karibu GB 75 kwa saa. Kwa mbano usiopoteza kitu, kama HuffYUV au FFV1, inashuka hadi nusu hivi. Diski ngumu ya nje inatosha. Hiyo MP4 ya kutuma kwenye WhatsApp utaitengeneza baadaye kutoka humo.

Basi picha ikawa safi. Na babu? "...awajal..." Sauti nyororo, bila ngurumo, lakini kama mtu anayeongea nyuma ya pazia zito.

Nikampigia mama mdogo kumweleza. Akacheka. "Hiyo ya mamako ni nakala, mwanangu. Tulinakili kwa jirani, deki kwa deki. Ile ya mpiga video ninayo mimi, iko juu ya kabati."

Ningeuliza siku ya kwanza.

Kanda yake ilikuwa na ukungu. Unyevu wa pwani haujali harusi ya mtu. Kupitia kidirisha cha kaseti niliona vumbi jeupe ukingoni mwa utepe. Kanda ya namna hiyo huiingizi kwenye deki yako nzuri. Ukungu unaziba vichwa, na utepe ulioganda unaweza kukatika. Niliifunga kwenye mfuko pamoja na vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, wiki mbili. Fundi akaniuzia deki mbovu kwa bei ya chuma chakavu, mota yake tu ndiyo nzima. Tukaifungua kifuniko, tukavaa barakoa, tukawa tunairudisha kanda polepole huku fundi ameushikilia utepe kwa kitambaa laini chenye spiriti ya isopropili. Saa nne nzima. Kabla ya kucheza nikasafisha vichwa vya deki nzuri, kwa kufuata mzunguko wa ngoma. Ukisugua juu na chini unavivunja. Nikavunja pia kile kijino cha nyuma ya kaseti, mtu asije akarekodi mpira juu ya harusi.

Niliicheza mara moja tu, mkono ukiwa karibu na kitufe cha kusimamisha.

Jumapili nikawapelekea. Mama kwenye kochi, mama mdogo sakafuni amekunja miguu. Babu akatokea, mkongojo, kofia, akainama.

"Wale wapishi hawajala?"

Mama akaniambia rudisha. Nikarudisha. Hawajala. Mara ya tatu mama alikuwa amejifunika uso na kanga, sijui anacheka au analia.

"Nilimwambia wamekula," mama mdogo akasema, macho yamebaki kwenye runinga. "Na walikuwa hawajala."