Tasi wa Sentimita 19

Kwa miaka mitano nilikaa dikoni alfajiri na ubao wa kupimia, nikiandika urefu wa tasi waliotolewa kwenye madema. Kila mwisho wa mwezi nilijumlisha, nikagawanya, nikapeleka ripoti yenye namba moja: sentimita 19. Niliiamini.

Siku moja mvuvi mzee akaniuliza namba hiyo ina maana gani. Nikamwambia ndiyo saizi ya tasi wa hapa. Akamwaga tenga lake mchangani.

"Nioneshe huyo wa 19, mwanangu."

Nikatafuta. Palikuwa na wadogo, palikuwa na wakubwa. Wa katikati walikuwa wawili watatu.

Usiku nilifungua madaftari, nikachora vipimo vyote kwa sentimita moja moja. Mchoro ukatoka na nundu mbili, moja kwenye 16, nyingine kwenye 25. Namba yangu ilikuwa imekaa bondeni.

Baadaye nikajua kwamba swali la makundi yaliyojificha ndani ya vipimo ni la zamani. Mwaka 1894 mwanatakwimu Karl Pearson alikuwa na vipimo vya kaa 1,000 wa Naples, Italia, alivyovikusanya mwanabiolojia Weldon. Mchoro wa upana wa paji lao ulikuwa umeegemea upande mmoja, na Pearson akajaribu kuugawa kuwa makundi mawili yaliyochanganyika. Ilimbidi apambane kwa mkono na mlinganyo wa kipeo cha 9! Mimi nilikuwa na kompyuta, na njia waliyoiandika wanatakwimu Dempster, Laird na Rubin mwaka 1977.

Unaanza kwa kukisia makundi. Kisha kila samaki unampa uwezekano: huyu 0.95 ni wa wadogo, yule wa bondeni ni nusu kwa nusu. Kwa uzito huo unakokotoa upya wastani, mtawanyiko na ukubwa wa kila kundi, halafu unawarudia samaki tena, mpaka namba zitulie. Ile nusu kwa nusu ndiyo iliyonigusa. Sikuwahi kujua kwamba hesabu inaweza kukiri shaka juu ya samaki mmoja na bado ikasema kweli juu ya wote.

Lakini ukiiomba makundi mawili itakupa mawili, hata pasipo na mawili. Kwa hiyo nilimrudia mzee na mchoro wangu. Akautazama kwa muda.

"Hawa wa majanini," akasema, kidole kwenye nundu ya kwanza. "Vijana hawaendi mbali siku hizi, wanatega humu kwenye nyasi. Hawa wengine ni wa mwambani."

Ripoti ya mwezi ule ilikuwa na mistari miwili. Wa majanini walikuwa karibu theluthi mbili ya samaki wote, wengi wao wakiwa bado hawajataga. Katika ripoti zangu 60 za nyuma hakuna mahali walipotajwa.