Wakili wa Somanda

Neno wakili lilivuka bahari kabla ya kupanda bara. Visiwani mtu hulisikia angali mdogo: baba aliye mbali humweka wakili wa kumwozesha binti yake, tajiri asafiriye humwachia wakili mali yake, na mwenye imani humtaja Mola kuwa ndiye Wakili atoshaye. Kwa matumizi hayo yote, wakili ni yule unayemkabidhi jambo lako kisha ukalala. Neno hilohilo leo limeandikwa kwenye vibao vya ofisi ndogo za Bariadi, mji wa pamba wa Usukuma, yaliko makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012. Atokaye Somanda, kata ya mji huo ijulikanayo na wengi kwa hospitali yake, akapanda ngazi ya ofisi hizo, hajaja kukabidhi jambo ili akalale. Usingizi umemkimbia siku nyingi.

Mara nyingi ni mjane. Mume amezikwa, matanga yameanuliwa, na shemeji amekwisha kupima kwa macho shamba la pamba na zizi la ng'ombe. Msomaji wa pwani, aliyezoea hesabu za kadhi, atauliza upesi: fungu lake ni lipi? Thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, robo ikiwa hakuacha. Ni fungu dogo, waweza kulilalamikia, lakini ni fungu, na hakuna shemeji awezaye kulifuta. Kwa mujibu wa sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, mjane hana fungu endapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Haki yake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Maneno hayo yana sura ya upole, na pengine aliyeyaandika aliyaona kuwa ya upole kweli. Basi na aliyeachwa na watoto wachanga atunzwe na nani?

Na ni nani aliyeyaandika? Mila za Wasukuma ziliishi vinywani mwa wazee, zikabishaniwa, zikapinda kwa huruma pale ilipobidi. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alizikusanya katika kitabu chake kuhusu sheria na desturi za Wasukuma kilichochapwa mwaka 1953, na kazi yake ndiyo iliyozaa matangazo ya 1963. Wapenzi wa ushairi wanaujua msiba wa namna hii. Utenzi ulioimbwa kwa njia kumi hunaswa kwenye karatasi kwa njia moja, na kuanzia siku hiyo tisa zilizobaki huitwa makosa. Mzee aliyeweza kusema, "Mwacheni mama huyu na shamba lake," alinyang'anywa kauli na ukurasa.

Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa bado na Bariadi ndani yake, waliupinga ukurasa huo. Walisaidiwa na mawakili wa Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake cha Dar es Salaam, na shauri likafunguliwa Mahakama Kuu mwaka 2005. Mwaka uliofuata mahakama ilikiri kwamba kanuni zile zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, ikihofu kwamba mila za makabila yote zingefuata njia hiyo kortini. Wakakata rufaa. Miaka minne ikapita, na rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika hati ya Mahakama Kuu yenyewe, hati ambayo wajane hawakuiandika. Mawakili wao hawakukunja majoho. Walilipeleka jambo mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo Machi 2015 iliamua kwamba Tanzania imevunja haki za wanawake hao na kuitaka iwafidie na kuzirekebisha sheria zake. Ushindi ulikuja, lakini kamati haina dalali wa kukazia hukumu, na ng'ombe aliyekwisha kuswagwa hasikii azimio la Geneva.

Wakili wa mji mdogo hujifunza kutokana na shauri kama hilo kwamba kuna siku ya kugonga lango kuu na kuna siku ya kupita uani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, hubatilisha mila yoyote ya ardhi kwa kadiri inavyomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi kihalali. Haihitaji kuipindua dola. Yatosha kumleta jirani aonyeshe mpaka, na kuthibitisha nani alilima na tangu lini. Tena upo uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi huo ulihusu talaka, na hapa pana kichekesho kichungu: aliyepewa talaka ana hoja ya kugawiwa, aliyevumilia hadi kaburini aambiwe asubiri watoto wakue.

Lakini shauri la mirathi ya kimila huanzia mahakama ya mwanzo, na humo kwa miaka mingi sheria haikumruhusu wakili kusimama. Hadi marekebisho ya mwaka 2021 yalipomfungulia mlango, pale tu hakimu mkazi aketipo, siku kubwa kuliko zote katika maisha ya mjane ilipita wakili akiwa nje. Kazi yake ilikuwa ya jana yake: kumketisha, kumwita mayu kama aitwavyo mama huko, na kumfundisha kuanza na lililo zito. Afikapo kizimbani asianze na matusi ya shemeji, aanze na mwaka wa ndoa.

Na lugha je? Mayu hulia kwa Kisukuma, mahakama ya mwanzo husikiliza kwa Kiswahili, na Mahakama Kuu kwa miongo mingi iliandika kwa Kiingereza. Kilio kimoja, majoho matatu. Kila kilipovuliwa moja na kuvikwa jingine, kitu kilidondoka njiani. Mwanzoni mwa 2021, katika Mahakama Kuu ya Musoma, jirani na Simiyu, Jaji Zephrine Galeba aliandika hukumu kwa Kiswahili, na mwaka huohuo sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Wenye kukipenda Kiswahili wana haki ya kufurahi. Wasisahau tu kwamba kwa bibi wa kijijini Bariadi bado imebaki hatua moja, na mara nyingi anayeivuka naye ni wakili, barazani, baada ya hukumu kusomwa na watu kutawanyika.

Kisha wakili hurudi mtaani. Hapo ndipo kazi yake inapotofautiana na ya mwenzake wa jiji kubwa, ambaye hushinda kesi na asimwone tena mshindwa. Huku shemeji aliyeshindwa atakutana naye msibani, wote wawili na majembe mkononi. Msimu wa mavuno ngoma za Wagika na Wagalu zikipambana, watasimama upande mmoja wakishangilia mganga mmoja. Ada yenyewe husubiri pamba iuzwe, na pamba ikianguka bei, husubiri tena. Kwa hiyo aandikapo madai humwachia shemeji pa kupitia: njia ya ng'ombe kwenda kisimani, kaburi la marehemu liendelee kufagiliwa na ukoo, mtoto wa kiume ajue kwa babu yake. Wenzake wa mjini huenda wakayaona hayo kuwa ni kulegeza kamba. Mjane ndiye atakayelala peke yake katika nyumba ile, jirani na watu walewale, na yeye ndiye huomba mambo hayo yaandikwe.