Nimeitoa ile video ya vitabu, na sababu ni hii

Wengi mmeniuliza ile video ya "Chuo chakataa vitabu vya bure" ilienda wapi. Nimeitoa mwenyewe Jumapili usiku. Hakuna aliyenitisha na hakuna aliyenilipa. Nimeitoa kwa sababu nusu yake haikuwa kweli, na ile nusu ya kweli sikuisema vizuri. Video ni dakika moja na haya mambo ni marefu, kwa hivyo leo naandika. Mimina chai kwanza.

Kwa wageni: naishi Elgon View, hapa Eldoret. Kabla hujaniita mtoto wa tajiri, naishi SQ nyuma ya nyumba ya shangazi, na kodi yangu ni kumpeleka binamu shule na kufungua geti usiku. Nilisoma sosholojia miaka miwili kisha nikaacha. Hiyo nayo si siri, mnaijua.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mzee mmoja, lekchara mstaafu wa hiyo hiyo sosholojia. Alifariki mwaka jana. Binti yake alipokuja kufunga nyumba aliniita pale getini akaniambia, "Kijana, shangazi yako anasema ulisoma kozi ya baba. Njoo unisaidie na hivi vitabu, mimi sijui hata pa kuanzia." Nikamwambia sawa, anti.

Tulipakia siku tatu. Katoni 22, zile za maziwa na za mafuta ya kupikia. Anti alitaka zote ziende chuo kikuu, zikae pamoja kwenye rafu moja, na jina la baba yake lipigwe muhuri ndani ya kila kitabu. Tukajaza fomu, tukaorodhesha vitabu karibu 700. Jibu likaja baada ya wiki mbili: maktaba inashukuru sana, itachukua vitabu 31.

Anti alikaa juu ya katoni akalia. Mimi nikashika simu nikarekodi. Nikasema vyuo vyetu havitaki kusoma, nikasema wanachoma urithi wetu. Video ikatembea, mkakomenti kwa hasira, na nakiri nilifurahia namba.

Siku ya nne nikapata ujumbe kutoka kwa mkutubi wa maktaba hiyo. Haukuwa na matusi. Alisema tu, "Njoo nikuonyeshe, kisha useme unachotaka." Chuo chenyewe sikitaji, na si kile nilichosoma mimi. Nilienda nikiwa na simu yenye chaji kamili, nikijua nitatoka na sehemu ya pili.

Kwanza alinipeleka stoo. Mle ndani kulikuwa na katoni hadi kwenye dari, za kila aliyewahi kustaafu, kuhama au kufiwa. "Kitabu cha bure kina gharama," akaniambia. Kila kimoja lazima mtu akikague, akiingize kwenye katalogi, akipe namba, akibandike lebo, akitafutie nafasi ya kukaa miaka yote. Nafasi ni ile ile na wafanyakazi ni wale wale.

Halafu akanipeleka kwenye rafu za sosholojia. Haralambos, kile kitabu kinene ambacho kila mtu wa mwaka wa kwanza amekibeba kama tofali, kilikuwa na nakala za kutosha. Zetu zilikuwa nne, moja ikiwa toleo la kwanza la 1980. Giddens tulikuwa na toleo la 1989. Nikamuuliza, kwani madam, toleo la zamani lina ubaya gani? Si ni elimu tu?

Akanijibu kitu ambacho sikuwahi kufundishwa darasani. Alisema kuna vitabu vinavyozeeka namna mbili. Kitabu cha kufundishia kikizeeka kinakufa. Mwanafunzi akichukua toleo la 1980 kusoma habari za familia na kazi, anasoma Uingereza ya kabla ya simu za mkononi, kisha anaiandika kwenye mtihani kama vile ni leo. Lakini utafiti wa mahali fulani ukizeeka unapanda thamani, kwa sababu mahali hapo hapatarudi tena kuwa vile.

Akanitolea mifano. A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909. Huntingford akachapisha chake 1953. Unaweza kuchukia jicho walilotumia, na una haki, lakini huwezi kuwajibu kama huna vitabu vyao. Kenyatta alitoa Facing Mount Kenya mwaka 1938, baada ya kusoma London chini ya Malinowski, akawa Mkikuyu anayeandika juu ya Wakikuyu. Halafu ripoti ya ILO ya 1972 juu ya ajira Kenya: wazo la "sekta isiyo rasmi", ambalo leo linatumika dunia nzima, lilisambazwa sana na ripoti hiyo. Yaani fundi wa jua kali na mama mboga wa nchi hii walisaidia kuieneza dhana hiyo duniani, na kuna wanafunzi wetu wanaodhani ilitoka Ulaya. Kuna pia Kenyan Running ya John Bale na Joe Sang, ya 1996, juu ya riadha yetu na namna dunia ilivyoipokea. Hivyo ndivyo alivyovitaka. Kati ya vile 31, vingi vilikuwa vya aina hiyo.

Hapo ndipo nilianza kujikuna kichwa, kwa sababu nilikumbuka karatasi yangu ya mwaka wa pili.

Tuliambiwa tuandike juu ya mji. Mimi nikasoma Park na Burgess, The City, 1925, ile michoro ya Chicago yenye duara ndani ya duara: katikati biashara, kisha maskini, kisha wafanyakazi, kisha wenye pesa huko nje. Nikachukua duara hizo nikaziweka juu ya Eldoret. Zikakataa. Elgon View yenye kuta na nyaya za umeme, na Langas yenye nyumba za mabati, ni majirani. Asubuhi dada wa kufua, jamaa wa shamba na soja wa geti wanatoka Langas wanakuja huku kwa miguu, jioni wanarudi. Hakuna duara lililonieleza hilo. Nikaandika tu vile nilivyoona. Lekchara akaniandikia pembeni, "Ushahidi wa Langas uko wapi?" Nilirudi maktaba kuutafuta. Miji ya Marekani ilikuwa na rafu nzima. Juu ya Langas sikupata kitu cha kushika. Nilikuwa naijua Chicago ya 1925 kuliko mtaa ambao watu wake wananipita getini kila siku.

Nikamwambia mkutubi hadithi hiyo nikidhani nimemshika. Nikamwuliza, sasa hivyo viko wapi?

Akaniuliza na yeye, "Yule mzee alifundisha sosholojia hapa Eldoret miaka mingi. Hakuwa na makaratasi?"

Wadau, hapa ndipo pananiuma.

Yalikuwepo. Katoni mbili. Hatukuziorodhesha kwa sababu fomu ya kutoa vitabu iliuliza jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka, na yale hayakuwa na chochote cha hivyo. Yalikuwa mafolda. Dodoso zilizojazwa kwa mkono. Daftari za mahojiano. Kadi za harambee. Kumbukumbu za mikutano ya chama cha akina mama. Programu za mazishi, zile zenye picha mbele na historia ya marehemu ndani. Projekti za wanafunzi wake zilizofungwa kwa ringi. Sisi tuliona takataka. Siku ya pili ya kupakia nilimwambia jamaa wa shamba achome katoni moja kupunguza mzigo. Nakumbuka lebo moja tu, juu ya folda, kwa kalamu nyekundu: "Langas, 2008."

Mtu wa Eldoret hahitaji nimweleze 2008 ni nini. Ripoti ya Tume ya Waki ipo, mtu yeyote anaweza kuisoma. Lakini majirani walimwambia nini mzee mmoja waliyemzoea, kwa lugha zao, kabla hawajajifunza kunyamaza? Labda ilikuwa ndani ya ile folda. Labda ilikuwa risiti tu. Sitajua, na wewe hutajua.

Kwa hivyo niliposema kwenye video kwamba wanachoma urithi wetu, aliyechoma nilikuwa mimi. Chuo hakikuchoma kitu.

Katoni ya pili ilikuwa bado chini ya ngazi. Nikaipeleka kesho yake kwa boda, nimeikumbatia kama mtoto. Mkutubi aliifungua polepole. Hata hiyo haiendi rafuni moja kwa moja. Ndani kuna majina ya watu waliohojiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si mchezo, mbali na kwamba ni adabu tu. Itakaa mahali pa nyaraka maalum, imefungwa, hadi mtu aipange na kuamua nini kisomwe na nani. Nikapewa risiti. Katoni moja, ilhali tulikuwa na mbili.

Sasa ile nusu ya kweli, ambayo sijaifuta.

Kwanza, ile fomu. Mkutubi mwenyewe alikubali. Fomu inayouliza vitabu tu italeta vitabu tu. Familia ya mstaafu haijui kwamba daftari lililochanika lina thamani kuliko Giddens yenye jalada gumu. Mtu lazima aende nyumbani, akae na familia, aulize, "Makaratasi yako wapi?" kabla moto haujawashwa.

Pili, mnaoniambia "si kila kitu kiko kwenye intaneti", mko sawa kwa yale yanayotoka mbali. Maktaba za Kenya zina muungano wao, KLISC, wa kununua majarida ya kielektroniki pamoja ili gharama ishuke. African Journals OnLine iko tangu 1998. CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa 1973, ina machapisho mengi unayoweza kusoma bila kulipa. Hayo yatakuja tu. Lakini hakuna mtu wa London wala wa Dakar atakayetuletea kumbukumbu za chama cha Langas. Tusipozikusanya sisi, hazipo.

Kuna jambo linanichekesha kila nikilikumbuka, na si la maktaba ya kisa hiki. Maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses, ina jina la Margaret Thatcher. Mwaka 1987, akihojiwa na jarida moja la kwao, mama huyo alisema hakuna kitu kinachoitwa jamii, kuna watu mmoja mmoja na familia zao. Na wanafunzi wa sosholojia wanaingia chini ya jina lake kwenda kusoma jamii. Jina halinisumbui. Ila nafikiri njia bora ya kumjibu ni kuwa na rafu iliyojaa ushahidi: chama, harambee, matanga. Watu wakishikana mikono kwa maandishi.

Tatu, na hili najisemea mimi: mtu akiacha chuo, mlango wa maktaba unafungwa siku hiyo hiyo. Kitambulisho kinakufa, nywila inakufa. Siombi kuazima. Naomba meza tu. Wale dada na fundi ambao maisha yao yamo ndani ya dodoso hizo nao wangeweza kuja kuona waliandikwaje.

Nilimwambia anti yote, pamoja na ile katoni ya moto. Alikaa kimya kisha akasema, "Baba angekuchapa." Halafu akaniandikia chai.

Vitabu vilivyobaki tumevigawa: vingine shule ya upili, vingine kwa wanafunzi wanaopita, vichache viko hapa SQ na nimeanza kusoma. Na sasa ombi langu. Kama mama yako, jirani yako au wewe mwenyewe uliwahi kuhojiwa Langas na mzee mrefu wa miwani aliyekuja na wanafunzi na daftari, hasa miaka ile ya 2008, nitumie ujumbe. Sitaki kurekodi video. Nataka kuja na daftari, nikuulize tena, ukipenda.