Asiyesikia la Mkuu: Kumbukumbu ya Muhula Mmoja Dundori

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kila mmoja wetu aliyepitia mikononi mwa walimu wa Kiswahili ameiandikia methali hii insha angalau mara moja: kijana mkaidi, wazazi wenye hekima, majuto ya mwisho. Mimi pia niliiandikia, nikatuzwa alama nzuri, na miaka mingi baadaye nikawatungisha wengine. Leo nakusudia kuwasimulia wasomaji wa jarida hili jinsi methali hiyo, pamoja na nyingine ya ukoo wake, ilivyonigeukia. Katika kisa hiki mkuu ni mimi, na guu lililovunjika ni langu.

Ilikuwa muhula wa pili wa mwaka wa 2023. Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, niliajiriwa na bodi ya shule moja ya msingi huko Dundori kumshikia nafasi mwalimu aliyekuwa katika likizo ya uzazi. Kwa asiyepajua, Dundori ni nchi ya baridi. Ukitoka Nakuru mjini na kupita Lanet, barabara iendayo Ol Kalou huanza kupanda, joto la bondeni likabaki nyuma, ukapokewa na mashamba ya viazi, kabichi na karoti, na msitu ukiyatazama kutoka juu. Mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka msituni ukalala uwanjani hadi saa nne za asubuhi. Watoto huja darasani wamevaa boshori za sufu zilizowafunika hadi masikioni.

Kwenye ukuta wa darasa langu, kwa rangi ya samawati, yaliandikwa maadili ya shule: Heshima. Upendo. Uwajibikaji. Umoja. Nilipoyasoma siku ya kwanza niliyapita kama mtu apitavyo kibao cha barabarani katika mji aliouzoea. Ni maneno mema, nayo yamo katika orodha ya maadili yanayosisitizwa na mtaala wa umilisi. Sikudhani kwamba yalikuwa na la kuniuliza mimi.

Nilikabidhiwa Kiswahili katika Gredi ya Nne, darasa la wanafunzi 58. Miongoni mwao alikuwako mvulana mmoja aliyeketi dawati la nyuma kabisa, mpole, mwenye hati nzuri. Jina lake nitalisitiri. Alipopewa kitabu asome kimya na kujibu maswali, alijibu vyema. Lakini katika imla alianguka vibaya mno. Nilizoea kutoa imla nikitembea kati ya madawati, mikono nyuma, kama nilivyowaona walimu wangu wakifanya. Kati ya maneno kumi yeye aliandika mawili au matatu, na mengine yalikuwa ya ajabu. Nilipomwita kutoka nyuma yake hakugeuka. Nilipouliza swali huku nikiandika ubaoni, alikodoa macho tu.

Kwa kuwa nilikuwa nimehitimu shahada ya kwanza katika Kiswahili na isimu, sikukosa maelezo. Niliandika katika daftari langu: athari za lugha ya kwanza. Je, si inajulikana kwamba Kikuyu hakina sauti /p/ katika maneno yake ya asili, na kwamba /b/ yake si ile ya Kiswahili? Makosa ya mvulana yule yalijaa /p/ na /b/ zilizobadilishana mahali. Nadharia ilitosha. Sikujiuliza kwa nini jirani zake, waliokizungumza Kikuyu kilekile, hawakuyafanya makosa hayo. Kuhusu kutoitika kwake, hilo nililiita utovu wa nidhamu.

Siku moja nilimwita mara tatu bila jibu. Nilimwendea, nikaamuru avue boshori, nikamsimamisha kando ya ukuta, chini ya yale maneno ya samawati. Kisha nikaligeukia darasa na kusema, kwa sauti ya mtu anayejivunia utajiri wa lugha yake: "Sikio la kufa..." Darasa zima likamalizia kwa kishindo: "...halisikii dawa!" Wakacheka. Naye akacheka pamoja nao, kwa sababu aliona wenzake wakicheka. Kicheko kile hakijanitoka kichwani hadi leo.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ya mawe ilishuka katikati ya kipindi. Yeyote aliyesoma chini ya paa la mabati anajua kwamba mvua ya namna hiyo humfanya kila mtu kuwa kiziwi. Paa lilivuja upande wa nyuma, nikawahamisha watoto wa huko mbele, na mvulana yule akajikuta ameketi hatua moja kutoka kwangu. Imla ilikuwa imeanza, nami kwa ukaidi nikaendelea, nikisimama palepale na kupaza sauti kadiri ya uwezo wangu. Niliposahihisha madaftari jioni, darasa lilikuwa limeanguka. Wengi hawakupata hata nusu. Aliyeongoza ni yule wa dawati la nyuma.

Nilidhani amenakili. Lakini angenakili kwa nani, ilhali hakuna aliyemkaribia? Nikayatazama makosa yake machache. Niliposema "pua" aliandika "mua". Niliposema "bua" aliandika "pua". Palipokuwa na "vaa" aliandika "faa". Maneno mengine yote yalikuwa sahihi.

Msomaji mpendwa, tafadhali simama mbele ya kioo uyatamke bila kutoa sauti: pua, bua, mua. Midomo hufunga na kufunguka vilevile mara zote tatu. Tofauti ya /p/ na /b/ imo katika mtetemo wa nyuzi za sauti kooni, na ya /m/ imo katika hewa ipitayo puani. Macho hayaoni koo wala mkondo wa pua. Kadhalika /f/ na /v/: meno ya juu hugusa mdomo wa chini, basi. Mambo haya nilifundishwa mwaka wa kwanza wa shahada katika somo la fonetiki, na katika mtihani nilichora hata mchoro wa ala za matamshi. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ameniandikia mchoro uleule katika daftari la mistari, nami nikausahihisha kwa kalamu nyekundu. Hakuwa akisikiliza imla zangu. Alikuwa akizisoma usoni mwangu, na kila nilipompa kisogo nilikuwa nimelifunga kitabu chake.

Nilikuwa tayari nimemwita mzazi wake kwa shtaka la utovu wa nidhamu. Aliyekuja ni nyanya yake, ambaye ndiye aliyemlea. Nilimkaribisha kiti, nikamwita cucu kama tuwaitavyo bibi zetu huku, nikaanza kutafuta maneno. Hakuningoja. Aliniambia kwamba sikio la mtoto lilitoka usaha tangu alipokuwa akitambaa, kwamba baridi ikizidi huuma na kutiririka tena, na kwamba pamba iliyokuwa ndani ya boshori aliiweka yeye mwenyewe kila asubuhi. Nyumbani, alisema, wamekwisha zoea. "Mwalimu, huyu haitwi kwa mdomo, huitwa kwa mkono." Alidhani tunajua. Kwake, kumpeleka mtoto shuleni kulikuwa kumkabidhi kwa watu wanaojua.

Nilimweleza mwalimu mkuu kila kitu, pamoja na ile methali. Hakunikemea. Alimwita mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa na miaka mingi kazini, na sote watatu tukasimama darasani baada ya watoto kwenda nyumbani. Mwalimu yule mkongwe aliyatazama maneno ya ukutani, akasema kwamba maadili ya shule hujulikana kwa mahali mtoto anapoketishwa. Akaburuta dawati la mvulana hadi mstari wa mbele.

Yaliyofuata yalikuwa mambo madogo, nami nayataja kwa sababu ni madogo. Mtoto alipelekwa hospitalini sikio likatibiwa, kisha akapelekwa Nakuru katika kituo cha kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum. Vituo vya aina hiyo vilianzishwa nchini mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, miaka miwili kabla ya Taasisi ya Elimu Maalum kuundwa. Ilibainika kwamba sikio la kulia limepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake na la kushoto husikia kwa kiasi. Basi dawati lake likawekwa upande wa kulia, ili sikio la kushoto lielekee darasani. Sisi walimu tukakubaliana kutosema tukiwa tumelielekea ubao, kusimama mahali ambapo mwanga wa dirisha unatuangukia usoni, na kugusa dawati lake kabla ya kumsemesha. Mwenzake mmoja alichaguliwa kumwonyesha ukurasa tulio nao. Katika imla nikaanza kulitia kila neno ndani ya sentensi: "Bua la mahindi limekauka." "Pua yake inatoka kamasi." Muktadha ukamaliza kazi ambayo midomo haikuweza. Ajabu ni kwamba alama za watoto wengine nao zikapanda. Mvulana mwenyewe hakugeuka kuwa wa kwanza darasani. Alitoka "mbali na matarajio" akafika "kukaribia matarajio", na akaanza kuinua mkono.

Tatizo jingine lilizuka tulipokuwa tukijipongeza. Baada ya habari kuenea, watoto wakaanza kumtania uwanjani: "Kiziwi kimechelewa!" "Kiziwi kinakula!" Mwalimu yule mkongwe aliwasikia. Hakushika kiboko. Aliingia nao darasani, akaniuliza mbele yao: "Mwalimu wa Kiswahili, tusaidie. Kiti kimeanguka. Na mtoto?" Nikajibu, "Ameanguka." Akasema, "Basi katika shule hii hakuna mtoto wa ngeli ya kiti."

Nimelifikiria somo lile la dakika moja kuliko mihadhara mingi. Ni kweli kwamba Kiswahili kimeyapa majina kama kiziwi, kipofu, kiwete na kilema kiambishi kilekile cha kiti na kijiko. Lakini sarufi yetu yenyewe imekwisha kuuziba ufa huo, kwa kuwa majina ya viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA. Kijana amefika, kiongozi amefika, kiziwi amefika. Anayesema "kimefika" amechagua kumshusha mtu hadhi, na kila msikilizaji anajua. Wala si lazima neno lenyewe likimbiwe. Watu wasiosikia wa Tanzania waliunda chama chao wakakiita Chama cha Viziwi Tanzania. Neno wamelichukua wao, na utu wao haukupungua.

Lililo gumu zaidi kwangu ni kitenzi "kusikia" chenyewe. Katika lugha yetu kusikia ni kupokea sauti, na pia kutii. Mzazi humlalamikia mtoto mtundu kwamba hasikii. Mwanafunzi mwema husifiwa kuwa msikivu. Sikio na tabia tumevifunga katika kanga moja, na mara nyingi jambo hilo huipa lugha utamu. Siyalaumu mapokeo. Hata hivyo, mwalimu asimamaye mbele ya watoto 58 anapaswa kukifungua kifundo hicho kila siku na kujiuliza: huyu hasikii, au hasikii? Mimi niliruka swali hilo. Methali ilikuwa tayari ulimini, nayo ikanipunguzia taabu ya kuchunguza.

Sheria imekwisha kutangulia. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ibara ya 54 inasema kwamba mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na inaongeza jambo ambalo sisi wanafunzi wa lugha tungelipigia mstari: aitwe na atajwe kwa namna isiyomdunisha. Sera ya mwaka wa 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu nayo inahimiza wasome pamoja na wenzao. Hata hivyo, katiba haiwezi kuingia Dundori saa mbili asubuhi ikaligeuza dawati. Aidha, kazi ya kutomdunisha mtu kwa maneno imekabidhiwa wenye maneno, na hao ni sisi.

Ndiyo maana ninayaandika haya katika jarida hili. Wengi wetu tutaajiriwa kufundisha. Tutaingia madarasani tukiwa na fonetiki, mofolojia na hazina ya methali, na kila kimoja kati ya hivyo chaweza kuwa taa au fimbo. Kwa wahadhiri wetu nina ombi moja: mnapotufundisha sauti za midomo, mtuwekee kioo mbele, mtuambie yuko mtoto atakayezitegemea.

Siku ya kufunga shule nilijaza ripoti. Ile ya mvulana nilikuwa nimeijaza mapema, na katika nafasi ya maoni ya mwalimu niliandika: "Si msikivu. Abadilike." Nilimwomba mwalimu mkuu fomu nyingine. Alinipa bila kuuliza. Niliandika: "Ana bidii. Aketi mbele, upande wa kulia. Mwalimu amtazame anaposema." Nikatia sahihi. Nilipokuwa nikitoka langoni na mkoba wangu, nilihisi mtu akinivuta mkono wa koti. Alikuwa yeye, amekuja kuniaga, naye aliniita kwa mkono.