Gari Linabeba Nini?

Ufundi wa springi niliuanza mtaa wa Unga Limited, Arusha, katika miaka ya themanini, wakati vipuri vilikuwa adimu kuliko magari yenyewe. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa 1983, na hata baada ya hapo gereji nyingi ziliendelea kuishi kwa kufufua vya zamani. Land Rover ikiletwa na springi iliyovunjika, hatukuwa na mpya ya kufunga. Tulifungua fungu zima la majani ya chuma, tukasugua kutu, tukatafuta kwenye mabaki jani lenye upana na unene uleule. Kisha mzee aliyenifundisha kazi alilipiga nyundo taratibu hadi likapata mgongo unaolingana na wenzake. Mimi nilikuwa saidia fundi: nashika, napaka grisi, natazama.

Mzee huyo hakuinua nyundo kabla ya kumuuliza mwenye gari swali moja: linabeba nini? Magunia ya mahindi, abiria, mapipa ya maji? Jibu ndilo lililoamua idadi ya majani na ukali wa mgongo. Springi kali chini ya gari tupu humrusha abiria mpaka kichwa kikagonga paa. Springi laini chini ya mzigo hulala, na ekseli huanza kugonga mpira wa kikomo kwenye kila shimo. Kimo cha gari kilikuwa matokeo ya hesabu hiyo. Sikumbuki mteja hata mmoja wa enzi hizo aliyekuja kutuomba kimo.

Miaka ya tisini utalii ulipokua, kazi ilibadilika sura. Land Cruiser zilianza kuchukua nafasi ya Land Rover, zikakatwa na kuongezwa chesisi ili zipate safu nyingine ya viti, zikafungwa paa la kuinuka ili wageni wasimame na kupiga picha. Kuanzia 1999 Toyota iliweka springi za koili mbele kwenye zile ndefu za familia ya 70, nyuma ikabaki na majani. Tulilazimika kujifunza upya, kwa kuwa mbele na nyuma ya gari lilelile sasa kulikuwa na tabia mbili tofauti. Nilifurahia sana miaka ile. Kila gari lililotoka Serengeti lilirudi na habari: bushi iliyokatika, shokapu iliyotoa mafuta, ufa mdogo kwenye kishikio. Ukizisoma vizuri unaijua barabara bila kuiona.

Halafu yakaja matairi makubwa.

Kijana mmoja, dereva wa watalii aliyeendesha magari ya wengine hadi akanunua lake, alikuja gereji na picha kwenye simu.

"Shikamoo mzee. Nataka liwe hivi. Tairi za inchi 35, na nyanyua inchi nne."

"Marahaba. Linabeba nini?"

Akacheka, akidhani sijaona picha. Nikamuuliza tena. Wageni sita au saba, akasema, maji, friji, matairi mawili ya akiba, na dumu za dizeli akienda mbali. Njia zake: Ngorongoro, Ndutu wakati nyumbu wanazaa, Serengeti, mara nyingine Natron.

"Na kwa nini unyanyue?"

"Difu isiguse chini, mzee."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli. Springi ya kunyanyua haiiinui difu hata kidogo. Difu iko kwenye ekseli, ekseli imeshikwa na magurudumu, na springi inakaa juu yake. Ukiirefusha, kinachopanda ni bodi na chesisi. Difu huinuliwa na tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Tairi lake la 235/85R16 lina kipenyo cha milimita 806 hivi. La inchi 35 lina 889. Tofauti ni milimita 83, kwa hiyo difu itapanda milimita 41 hivi. Kazi ya springi ni kulitafutia tairi hilo nafasi chini ya madigadi. Nilimchorea kwa chaki sakafuni, na alikaa akiutazama mchoro kwa muda mrefu. Nilimpenda kwa hilo, maana gari lile ndilo lililokuwa mtaji wake wote.

Nikaendelea, kwa sababu gharama ya inchi nne haiishii kwenye bei ya springi. Koili ndefu mbele huizungusha ekseli, pembe ya kasta inapungua, na usukani unapoteza ule uzito wake wa kujirudisha katikati. Gari linaanza kutangatanga barabarani, dereva anachoka kabla ya kufika Karatu. Chuma cha mlalo kinachoifunga ekseli kwenye chesisi husimama wima zaidi, na ekseli nzima husogea upande. Paipu za breki huwa fupi. Propela hupata pembe kali na kutetemeka. Yote hayo yana dawa: bushi za kurekebisha kasta, chuma kinachorefushwa, paipu ndefu. Lakini kila dawa ni kitu kingine cha kukagua. Na gari lenye wageni waliosimama kwenye paa lililo wazi, likiteremka njia ya Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro, halihitaji kubebwa juu zaidi ya lazima. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote, kwa kuwa wanaokaa humo ndani wamewaamini watu wasiowajua, na fundi ni mmoja wao.

Tairi kubwa nalo lina madai yake. Kwa kipenyo kile, kipima mwendo kikionyesha 50, ambao ni ukomo ndani ya Serengeti, gari liko kwenye 55. Gia zote zinakuwa ndefu kwa sehemu moja ya kumi, na injini ya 1HZ, imara kama ilivyo, haina turbo ya kuisaidia kilimani. Breki na beringi hubeba zaidi. Shokapu ndiyo huteseka kuliko vyote. Wengi hudhani shokapu hubeba gari. Springi ndiyo inayobeba, shokapu hulizuia gurudumu lisiruke ovyo. Kwenye ile barabara ya kuelekea lango la Naabi la Serengeti, yenye matuta madogo yaliyopangana kama bati, gurudumu zito hupiga juu na chini bila kupumzika, mafuta ndani ya shokapu hupata joto kali na kuwa mepesi, na dereva anagundua kwamba gari linaelea.

Tulilipima gari lake kama lilivyo kazini. Tangi likiwa limejaa, matairi ya akiba yakiwa mahali pake, vijana wa gereji wakikaa kwenye viti vya wageni, tulilipeleka kwenye mzani wa ghala la nafaka, ekseli ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Kimo tulikipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, maana ukipima kutoka ardhini tairi litakudanganya. Kisha tuliazima tairi moja la kila saizi aliyofikiria. Tukatoa koili, tukaisukuma ekseli kwa jeki hadi mpira wa kikomo, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kushoto na kulia. Hapo ndipo panapojulikana kama tairi litagusa. Gari likiwa limetulia uwanjani kila tairi huonekana linaingia. Na tuliacha nafasi ya tope, kwa sababu udongo wa Ndutu ukinyeshewa hulivika tairi koti nene, na tairi lililopita kwa upana wa kidole likiwa safi litakwaruza likiwa limechafuka.

Tuliafikiana kwenye 285/75R16, milimita 834, na rimu pana kidogo. Mbele koili za kupandisha milimita 50 zenye nguvu ya wastani, na bushi za kasta. Nyuma springi za majani zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu, maana gari lake halitembei tupu. Shokapu tulizichagua kwa urefu, zikiwa zimefungwa na zikiwa zimenyooka: ikiwa ndefu mno hugonga ndani kabla ya mpira wa kikomo, ikiwa fupi mno ndiyo inayoning'iniza ekseli nzima na kung'oka kwenye kishikio.

Nilimwambia arudi baada ya kilomita 500 tuzikaze tena yubolti za nyuma, kwa sababu majani mapya hujilaza na nati hulegea. Alirudi akiwa bado na vumbi la safari, akashika spana mwenyewe, akaniuliza kila nati inakazwa kiasi gani na kwa mpangilio upi. Nikamwonyesha: moja, kisha ya mshazari wake, kidogo kidogo, gari likiwa limesimama kwa miguu yake yote.