Peasi la Nainai

Sisi ni wanafunzi wanne tuliosoma madrasa hii, kisha tukaenda masomoni Xi'an, China. Tumeombwa tueleze habari za matunda ambayo watu wa huko huyafanya dawa.

Tulipanga karibu na Msikiti Mkuu, mtaa wa Waislamu wa kabila la Hui. Jirani yetu, ajuza tuliyemwita Nainai, yaani bibi, hakupenda tumeze vidonge kwa kila chafya. Mwenye kikohozi kikavu alimpikia peasi: hulikata juu kama kifuniko, huondoa moyo wenye mbegu, hutia sukari ya mabonge, kisha hulipika kwa mvuke mpaka lilainike. Kusema kweli, koo lilipoa. Lakini mwenye mafua ya kutetemeka alimnyima. Kwa hesabu za Wachina peasi ni tunda la baridi, na huyo alihitaji vitu vya moto: tangawizi iliyochemshwa pamoja na kunazi nyekundu kavu, ndugu wa kunazi zetu. Hata ganda la chenza hawalitupi. Hulianika, na lililo bora huwekwa miaka 3 au zaidi ndipo lichemshwe kwa ajili ya makohozi. (Sisi maganda hayo twawapa mbuzi.)

Septemba 2023 mwenzetu alirudi kutoka likizo Tanga, akashikwa na homa. Siku tatu tulimnywesha tangawizi na kunazi, tukidhani ni mafua ya majira. Siku ya nne akaanza kuweweseka. Nainai mwenyewe ndiye aliyetugombeza: "Hii si homa yangu, mpelekeni hospitali!"

Daktari aliuliza kwanza ametoka wapi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa China haina tena malaria, hivyo mgonjwa asiposema ametoka Afrika ni rahisi isifikiriwe. Damu ikapimwa: malaria. Nasi watoto wa Tanga, tulioijua tangu utotoni, hatukuikumbuka! Tuliona aibu kubwa. Dawa aliyochomwa asili yake ni aina ya pakanga, mmea ambao Bi. Tu Youyou wa China aliuchunguza hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Siku ya tatu tangu alazwe, Nainai akaja wodini na bakuli. Alimwuliza daktari kwanza, naye akaitikia kwa kichwa. Mwenzetu akala peasi lote, na maji yake akayanywa.