Ulikuwa Umesimama Wapi?

Wanafunzi wangu wengi walijua kwamba nilikwenda vita vya Kagera kabla hawajajua ninafundisha somo gani. Hapa Korogwe hata vijana wa bodaboda pale Manundu huniita Mzee wa Kampala. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, mimi nilikuwa nyuma sana, Masaka, nalinda magunia ya unga na maharage. Huwa nawaambia. Wanacheka, halafu kesho yake wananiita vilevile.

Nilijitolea mwishoni mwa 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwezi Oktoba, yakatangaza kwamba ardhi iliyo kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda, kisha yakavunja daraja la Kyaka. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba tuliisikiliza dukani, tumejazana hadi barazani. Mafunzo ya mgambo nilikuwa nimeshayapata kijijini, basi nikajiandikisha. Jeshi lililokuwa na askari wapatao 40,000 lilivuka 100,000 kwa kuongeza mgambo, JKT, polisi na magereza.

Kule mbele nilijifunza kwamba askari havioni vita. Anaona handaki lake na mgongo wa mwenzake. Mengine huyasikia Radio Tanzania kama mama yake aliyebaki nyumbani. Usiku mmoja ilipigwa mizinga ya roketi, ile ambayo Waganda waliiita Saba Saba. Asubuhi kila mtu ana hadithi yake: huyu ameona kambi nzima ya adui ikiteketea, yule amehesabu magari yaliyolipuliwa. Mpishi wetu alipoulizwa alisema, “Mimi nilikuwa nimeinamia sufuria, nimewapa mgongo. Nimesikia mshindo, sikuona kitu.” Katika kikosi kizima sikupata chanzo bora kuliko yule.

Baada ya vita, miaka ile ya kufunga mikanda na kupanga foleni ya sabuni, nilisoma uandishi wa habari Dar es Salaam, katika chuo kilichofunguliwa 1975 ambacho baadaye kiliingizwa Chuo Kikuu. Niliripoti kidogo, nikafundisha zaidi. Ya uripoti si mengi: mikutano, ziara za viongozi, mwenge.

Darasani zoezi langu nililolipenda lilikuwa la mkonge. Niliwapeleka wanafunzi shambani, mmoja akasimama kwenye korona, pale majani yanapoingia mashineni na maji ya kijani yanaruka hadi usoni. Mwingine akakaa nje kwenye nyaya, singa zinapoanikwa. Wa tatu akabaki ofisini kwa meneja. Wa korona aliandika kelele na vidole vya watu. Wa ofisini aliandika tani na bei. Hakuna aliyesema uongo, lakini ukizisoma stori za hao wawili utadhani ni mashamba mawili. Sharti langu lilikuwa moja: mahali uliposimama pajulikane ndani ya stori.

Zoezi gumu lilikuwa la vitabu. Niliwapa Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, kilichotoka 1980, pamoja na kitabu cha Tony Avirgan na Martha Honey cha 1982, waandishi waliofuatana na majeshi yetu hadi Kampala. Tulipofika kwenye habari za Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, darasa lilinyamaza. Januari 1979 askari wetu waliibomoa Mutukula, na raia waliuawa. Mwalimu Nyerere alichukizwa, akaagiza raia wasiguswe tena. Binti mmoja aliniuliza, “Mwalimu, ni wetu hawa?” Nikamjibu ni wetu. Akauliza kama nilikuwapo. Siku ile sikuwapo. Nilipita baadaye nikakuta kuta zimelazwa chini na katapila, na mbwa wanazurura. Hicho ndicho ninachoweza kukishuhudia. Habari za waliouawa nawaachia waliokuwapo na waliowahoji. Wako wastaafu wenzangu ambao hawapendi niyaseme haya mbele ya watoto, nami sijaona sababu ya kuyaacha.

Siku hizi sheria ya huduma za habari ya 2016 na kanuni zake zinataka mwandishi awe na stashahada, na vijana wa Handeni na Korogwe wamehangaika kweli kuitafuta. Ila korespondenti analipwa kwa stori, na nauli ya bodaboda hadi kijiji cha ndani kule Handeni inaweza kuzidi malipo ya stori yenyewe. Basi anapiga simu kwa mtendaji wa kijiji, anaandika kana kwamba aliyaona mahindi yakinyauka kwa macho yake. Au anasubiri mkutano wenye bahasha, maana mwenye bahasha humpa na usafiri.

Wanaokuja barazani kwangu na rasimu zao nawaambia waandike wazi: “akizungumza kwa simu.” Wahariri huyafuta maneno hayo, wanadai yanaipunguzia stori uzito. Vijana hulalamika kwamba wakiyarudisha, stori inakaa dawatini hadi inachacha. Wiki iliyopita mmoja aliyarudisha. Stori yake bado haijatoka.